Msitulilie, Tucheke Wote!

*Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wa kijiwe kimoja cha jijini Dar es Salaam. Tumeyachapa kama alivyoyatoa. Vichwa vidogo ni vyetu.*

Ndugu Mwenyekiti wa kijiwe, Ndugu Katibu, washikaji mliokaa kwenye mabenchi na mliosimama ukutani: Assalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Na wewe uliyeitikia zote mbili ili usikose fungu popote, habari za jioni!

Nimeombwa nizungumzie maisha ya shule ya wasioona. Huko nilisoma tangu darasa la kwanza hadi la saba, na nilirudi baada ya kidato cha nne nikafundisha kwa kujitolea miaka miwili. Wakati naingia hapa nimemsikia mmoja wenu akivuta pumzi ndefu na kusema, "Masikini!" Nimekusikia, bwana. Mimi ni kipofu, si kiziwi. Hiyo pumzi irudishe kifuani, utaihitaji kwa kucheka.

Najua mlichokuja kusubiri. Mnasubiri niwaeleze jinsi surua ilivyonichukua macho nikiwa mtoto, mama alivyolia, na dunia ilivyokuwa giza. Mkishafuta machozi mtachangishana mia mbili mbili, mtanisindikiza kituoni, na kesho mtanisahau. Leo hakuna biashara hiyo. Leo nimekuja kuwaeleza habari za marafiki zangu watatu, ambao kwa heshima zao nitawataja kwa majina ya bweni: Redio, Mizani na Refa. Mimi mwenyewe niliitwa Gazeti, kwa sababu ambazo wanaonijua hawahitaji kuelezwa.

KICHEKO KIKO CHA AINA MBILI

Kabla sijaanza, naomba tuelewane. Kucheka si kosa. Swali ni je, unamcheka mtu, au unacheka naye?

Mwaka 1771, katika jiji la Paris, Ufaransa, kulikuwa na gulio lililoitwa la Mtakatifu Ovide. Humo mwenye mgahawa mmoja aliwakusanya vipofu, akawavika makofia marefu ya kipuuzi na mimiwani mikubwa ya karatasi ngumu isiyo na kioo. Akawawekea karatasi za muziki mbele yao kana kwamba wanazisoma, akawapa vyombo wapige. Wakapiga hovyo, na watu wakajaa kuwacheka hadi wakashika mbavu. Biashara ikawa bomba. Wateja wakanywa, tajiri akahesabu mshiko.

Katika umati ule alikuwamo kijana wa miaka 25 aitwaye Valentin Haüy. Yeye hakucheka. Alikasirika, akasema moyoni kwamba watu hawa watasoma kweli, tena kwa mikono yao. Katika miaka ya 1780 akafungua jijini humo shule ya vijana wasioona, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Mwaka 1819 shule hiyo ilimpokea mtoto wa miaka 10, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, jina lake Louis Braille. Akiwa na miaka 15 tu, alichukua maandishi ya nukta ya mwanajeshi mmoja aitwaye Barbier, akayapunguza na kuyanyoosha, yakawa nukta sita. Hizo ndizo nukta nundu tunazosoma mpaka leo. Nukta sita tu, jamani, na ndani yake imo Kurani, imo Biblia, imo hesabu, umo muziki, na zimo barua za mapenzi, ambazo nitakuja kuzieleza.

Braille huyo alikuja kuwa mwalimu katika shule hiyohiyo aliyosomea. Na rafiki yake mkubwa wa darasani, Gabriel Gauthier, naye asiyeona, alibaki hapohapo kufundisha muziki. Sasa sikilizeni uhondo. Katika miaka ya 1840 mkuu mpya wa shule alizipiga marufuku nukta hizo. Alitaka wanafunzi wasome herufi za kawaida zilizovimbishwa, ambazo yeye na walimu wenzake wenye macho waliweza kuzisoma. Wanafunzi walifanya nini? Wakaendelea kuandikiana kwa siri bwenini. Serikali ya Ufaransa ilizikubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya mwenyewe kufariki akiwa na umri wa miaka 43.

Kwa hiyo msidhani maandishi yetu yaliokolewa na kamati au semina. Yaliokolewa na masela wa bwenini waliokuwa wakipenyezeana vikaratasi!

Kwetu Tanganyika shule ya Buigiri, kule Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na nyingine zikafuata. Ile niliyosoma mimi siitaji, maana baadhi ya wahusika wa visa hivi bado wanakula mshahara palepale.

MWALIMU WA ZAMU GIZANI

Bweni letu lilikuwa na sheria: saa tatu usiku taa zimezimwa, watu walale. Mwalimu wa zamu, mwenye macho yake mawili mazima, alikuwa akija, anabonyeza swichi, anasema kwa ukali, "Sasa tuone nani atasoma!" Kisha anaondoka ameridhika.

Jamani! Huyo bwana amezima taa kwa vipofu arobaini, halafu anakwenda zake akiamini amefunga maktaba. Sisi huku kitabu kiko tumboni chini ya blanketi, vidole vinatembea. Redio, ambaye alikuwa na kipaji cha sauti, ndiye aliyekuwa akitusomea kwa kunong'ona. Hadithi ikifika patamu alikuwa ananyamaza ghafla na kudai maandazi ya kesho. Ukikataa, shujaa anabaki ananing'inia kwenye mwamba hadi asubuhi.

Siku moja umeme ulikatika mwalimu huyo akiwa katikati ya bweni. Akapiga goti kwenye kitanda cha kwanza, akaangusha ndoo, akakanyaga viatu, mwishowe akasimama. Kimya. Halafu sauti yake ikatoka ikiwa na adabu ambayo hatujawahi kuisikia: "Wanangu, mlango uko wapi?"

Mizani akamshika mkono, akampeleka. Lakini hakumpeleka moja kwa moja. Alimzungusha bweni zima, vitanda vyote, huku akimwambia taratibu, "Angalia hapo kuna ngazi, mwalimu." Bweni letu halikuwa na ngazi. Mwalimu wa watu akawa ananyanyua miguu juu kama jogoo katika matope, na sisi tumeuma mashuka tusicheke.

Kuanzia usiku ule mwalimu yule alibadilika. Alikuwa akifika mlangoni anaaga tu, "Someni kidogo, mlale." Swichi hakuigusa tena.

MIZANI NA UPAWA WA MPISHI

Mizani alipata jina lake jikoni. Ninyi mkienda kwa mama lishe mnatazama sahani. Mizani alikuwa anausikiliza upawa. Alitufundisha hivi: upawa ukizama hadi chini ya sufuria unakwaruza, na hapo unapewa maharage. Upawa ukipita juujuu unatoa mlio wa "plu", kama kijiwe kinachodondoka kisimani, na hapo unapewa mchuzi wenye harufu ya maharage.

Mpishi wetu alikuwa bingwa wa "plu". Basi Mizani alikuwa anasimama mbele kwenye foleni, anasikiliza, anasema kwa upole, "Mjomba, rudi chini." Mpishi anarudi chini. Mtoto wa pili, "plu". "Mjomba, huyo naye ana mama yake, rudi chini." Ilifika mahali mpishi akaenda kushitaki kwa mkuu wa shule kwamba watoto hawa wanaona, wanajifanya tu!

Nawauliza ninyi wenye macho: ni wangapi kati yenu mnaosikia "plu" za wakubwa kila siku mkanyamaza kimya? Haya, tuendelee.

REFA KIPOFU!

Refa yeye alikuwa na uoni hafifu. Karatasi akiigusisha na pua aliweza kusoma, na mtu akisimama hatua tatu alimwona kama kivuli. Katika shule ya vipofu, mtu wa namna hiyo ni ofisa. Tukampa vyeo viwili: kuchezesha mpira, na kugawa nyama siku ya Jumapili.

Mpira wetu tulikuwa tunaufunga ndani ya mfuko wa rambo. Mfuko huo, ambao Serikali iliupiga marufuku mwaka 2019, unapiga kelele ukiburutwa, kwa hiyo tulikuwa tunaufuata kwa masikio. Nyuma ya kila goli alisimama mtoto akigonga nguzo kwa jiwe ili washambuliaji wajue pa kupiga. Duniani kuna mchezo mwingine wa kufuata mpira kwa masikio, wenye jina na kanuni zake, unaitwa goliboli. Ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Pili, na mpira wake una kengele ndani. Sisi hatukuwa na kengele, tulikuwa na rambo.

Sasa mnajua ninyi mkiwa uwanjani, Simba na Yanga, refa akikosea mnapiga kelele, "Refa kipofu!" Ni tusi kubwa hilo. Kwetu lilikuwa sifa ya kupatia kazi. Tulikuwa tukipiga kelele kinyume chake: "Refa anaona! Refa anaona!" Maana yake, leo kijana amekula rushwa, ameuona mkono wa adui na amenyamaza.

Ilikuja siku shule ya jirani, ya watoto wenye macho, ikatuomba mechi ya kirafiki. Tukakubali kwa sharti moja, kila mchezaji wao afungwe kitambaa. Wakacheka, wakafungwa. Filimbi ilipolia, kumi na mmoja wale wakaganda uwanjani mikono mbele, kama watu wanaotafuta swichi chumba cha wageni. Kipa wao alijitupa kulia wakati mpira uko katikati ya uwanja. Tuliwapiga nne bila, na la nne alifunga Mizani akiwa anatembea.

Walivua vitambaa wakatuangalia kimya, halafu nahodha wao akasema, "Tufundisheni." Kuanzia hapo walikuja kila Jumamosi, wengine na maembe, wengine na vitambaa vyao kabisa mfukoni. Hakuna aliyetupa semina ya kutupenda. Tuliwafunga nne bila, basi, tukaheshimiana.

Na ile nyama? Kila Jumapili vipande vyetu vilikuwa vikipungua, wakati Refa ananenepa. Mizani akaanza kupima kwa kiganja. Wiki ya tatu akatangaza matokeo mezani: "Waheshimiwa, katika bweni hili kuna ng'ombe mmoja ana mapaja mawili tu, na yote yako kwenye sahani ya Refa." Kesi ikasikilizwa usiku huohuo. Hukumu: kufungiwa mechi mbili na kunyang'anywa kisu. Alilia. Lakini darasa la saba bado alikuwa rafiki yetu wa kwanza, na kisu alikuwa amerudishiwa zamani.

BARUA YA MTO RUFIJI

Sasa tuje kwenye mapenzi, maana naona mmeanza kusogeza mabenchi.

Redio alimpenda msichana wa bweni la pili. Akamwandikia barua ya nukta nundu, kurasa mbili. Msifikirie aliandika habari za macho kama nyota. Angezijulia wapi? Aliandika kwamba hatua zake zikipita karakana anazijua kati ya hatua mia. Aliandika kwamba mafuta yake ya nazi yanafika darasani kabla yake na kuondoka baada yake. Mpaka leo sijaona mwenye macho aliyeandika vizuri namna ile.

Barua ilikamatwa njiani, ndani ya soksi ya Mizani. Mlezi wa bweni alikuwa mtu mzima, mkali, na alikuwa na kasoro moja tu: hakujua nukta nundu. Akaishika barua, akaigeuza juu chini, akaona vidutu vitupu. Akaniita. "Gazeti, soma hii kwa sauti. Neno moja ukiruka, bakora."

Nikaweka vidole. Mstari wa kwanza ulisema, "Mpenzi wa roho yangu." Nikasoma kwa sauti kubwa: "Mito mikubwa ya Tanzania ni Rufiji, Ruvuma na Pangani."

Palipoandikwa kwamba moyo wake unadunda anapomsikia, mimi nikasoma kwamba maji ya mto huenda kasi yanapofika penye mteremko. Palipoandikwa kwamba anatamani siku moja wakutane, nikasoma kwamba mito mingi hukutana na hatimaye kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Redio alikuwa amesimama pembeni, na nilisikia jinsi alivyokuwa anajibana pumzi.

Mlezi akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nani ameandika hii?" Redio akajitokeza akitetemeka. "Kijana," mlezi akasema, "umeandika vizuri sana. Bweni la wasichana wamefeli jiografia muhula huu. Nenda kawasomee wote, sasa hivi, na barua hii umwachie kiongozi wao akaiweke."

Nani alikuwa kiongozi wa wasichana? Malizieni wenyewe!

Barua ikafika kwa amri ya ofisi. Jibu lilikuja kesho yake, nalo kwa njia ya masomo: "Katika ukanda huu hakutarajiwi mvua mpaka darasa la saba liishe." Redio alilala kifudifudi siku mbili.

Wale vijana wa Paris niliowataja waliandikiana kwa siri kwa sababu mkuu wao hakuweza kusoma vidutu vyao. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, vidutu vilevile vikamponza mlezi wetu kwa sababu ileile.

NILIPORUDI KUWA MWALIMU

Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2017 nilirudi pale. Shule ilikuwa na uhaba wa walimu wanaojua nukta nundu, na mimi sikuwa na ada ya kuendelea. Nikawafundisha darasa la pili na la tatu kwa posho ya chakula. Chakula chenyewe kilikuwa "plu" ileile, na mpishi yuleyule.

Darasa la kipofu linalofundishwa na kipofu ni uwanja wa majasusi. Watoto walikuwa na mtindo wa kuitikiana majina. Aliyetoroka kwenda kuangua maembe anaitikiwa na mwenzake kwa sauti ya kuigiza. Walidhani wamegundua jambo jipya. Mtoto mmoja aliitika "Nipo" mara tatu kwa sauti tatu. Nikamwambia, "Hao wenzako wawili wana mafua kama yako, tena kwenye pua ileile." Darasa likaangua kicheko, na mlangoni nikasikia vishindo vya watoro wakirudi na harufu ya maembe mabichi.

Kisha akaja mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, kijana mwenye macho, mwenye moyo. Alitaka kujifunza nukta nundu kwa wiki mbili. Ili mwelewe kilichompata lazima niwaeleze kidogo. Tusipokuwa na mashine, tunaandika kwa kibao na kitobozi chenye ncha kama msumari. Unatoboa karatasi kwa nyuma ili nundu zitokee mbele. Kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaitoboa imegeuzwa, kama unavyoiona kwenye kioo. Ukiipindua karatasi, yote yanakaa sawa, unasoma kushoto kwenda kulia.

Mwenzetu alikumbuka la kwanza, akasahau la pili. Alianzia kulia vizuri, lakini herufi hakuzigeuza. Mtihani wa darasa la saba ulipokaribia, akataka kuwapa watoto moyo. Akaandika neno moja kubwa kwenye karatasi, akalibandika mlangoni: HERI.

Sasa katika nukta nundu, H ukiigeuza ni J. E ukiigeuza ni I. R ukiigeuza ni W. Na I ukiigeuza ni E. Asubuhi watoto wakapapasa mlango mmoja baada ya mwingine, na wote wakasoma: JIWE.

Hofu ikaingia! Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, tumekosa nini?" Mwingine akasema hiyo ni siri ya mtihani, jiolojia imeingizwa. Wa tatu akaamua kwamba ni onyo, anayefeli atapigwa mawe. Mwalimu wa mazoezi akasimama pale anaapa kwamba yeye aliandika heri. Watoto wakamshika mkono, wakamwekea kidole chake mwenyewe juu ya nundu, wakamsomesha herufi moja moja kama mtoto wa chekechea. Alipofika kwenye E ya mwisho alikaa chini akacheka mpaka machozi.

Tangu siku hiyo salamu ya darasa lile ikawa "Jiwe!" na kuitikia ni "Jiwe kwako pia!" Mwaka Mpya ukiingia huwa nasubiri ujumbe wake. Simu yangu inayosema inausoma kwa sauti mbele ya abiria wote wa daladala: "Jiwe ya Mwaka Mpya." Abiria wanasogea mbali nami. Napata nafasi ya kukaa.

MJINI HAKUNA RAMBO

Ndugu zangu, mpaka hapa mmecheka vizuri. Sasa nawaomba dakika kumi.

Redio alifaulu kidato cha nne. Sauti yake mnaijua, ila hamjui kwamba mnaijua. Ile sauti inayolia kwenye spika pale Kariakoo, inayonadi dawa ya panya, mende na kunguni kutwa nzima bila kuchoka, ni yeye. Alirekodi kwa shilingi elfu tano, na spika inapiga mpaka leo. Lakini kabla ya panya na mende, alikwenda kuomba kazi ya utangazaji kwenye ofisi moja kubwa.

Alipoingia, aliyempokea hakumsalimia. Alimuuliza Refa, aliyekuwa amemsindikiza: "Huyu anataka nini?" Refa akajibu, "Muulize, mdomo anao." Yule bwana akauliza tena, "Nani atakuwa anamleta kazini?" Redio akajibu mwenyewe: "Anayekuleta wewe. Daladala." Hawakumpa hata jaribio la sauti. Walimpa nauli.

Hiyo nauli ndiyo inayotuchoma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inasema kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anapaswa kuwa na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Fanyeni hesabu. Ofisi ya watu mia ni watu watatu. Redio hakuomba nafasi tatu, aliomba moja, tena aliomba ajaribiwe kwanza! Sheria ipo kabatini, imefungwa kwa utepe. Sisi tupo kituoni.

Na kituoni kuna kituko chake. Redio amesimama Mnazi Mmoja anasubiri gari, fimbo nyeupe mkononi, nguo safi. Mpita njia anamtia sarafu ya mia mbili kiganjani na kuondoka. Hakuombwa! Siku ya kwanza Redio alimkimbilia amrudishie. Siku ya pili aliudhika. Siku ya tatu akaikabidhi kwa konda: "Hii nauli ya mtu mwingine, amenituma." Anatuhadithia hayo tunacheka, lakini mwisho huwa anasema, "Gazeti, yule mtu hajui jina langu na hatalijua kamwe. Ameshamaliza na mimi kwa mia mbili."

KURA YA REDIO

Niwape kisa cha mwisho, maana ninyi ni watu wa siasa.

Oktoba 2020 Redio alikwenda kupiga kura. Sheria inamruhusu mpiga kura asiyeona asaidiwe na mtu anayemchagua mwenyewe. Kwenye foleni akatokea kiongozi mmoja wa mtaa, mtu mzima, mwenye heshima zake na kofia yake, akamshika mkono: "Kijana wangu, njoo nikusaidie mimi." Redio akamwambia, "Shikamoo mzee, ahsante, nina mtu wangu."

Mtu wake alikuwa nani? Refa! Mwizi wa nyama! Tena Redio na Refa kwenye siasa ni paka na panya. Chama anachokipenda huyu, yule hawezi kulala nacho chumba kimoja. Miaka yote wanabishana hadi majirani wanagonga ukuta. Watu wakamnong'oneza Redio, "Wewe una akili kweli? Huyu si mpinzani wako?"

Refa akaingia naye, akaigusisha karatasi na pua kama kawaida yake, akamsomea majina yote, akaweka alama alipoambiwa. Walipotoka nje Redio akamuuliza, "Umeweka wapi?"

"Uliponiambia."

"Imekuuma?"

"Imeniuma kuliko kile kisu mlichoninyang'anya."

Nilimuuliza Redio baadaye, alijuaje kwamba Refa hakumgeuka? Akanijibu: "Yule ameniibia nyama nikiwa mtoto. Namjua wizi wake unapoanzia na unapoishia. Yule mzee wa kofia simjui hata unapoanzia."

Ndugu zangu, urafiki wa namna hiyo haununuliwi kwa mia mbili. Ulipikwa bwenini miaka saba, kwa maandazi, kwa kesi za usiku, kwa kuzungushana gizani, kwa kutaniana bila huruma. Huruma haitanii. Huruma inatoa sarafu na kuondoka. Utani unabaki hadi kesho kuja kudai kisasi.

Kwa hiyo sikuja kuomba mchango. Nimekuja na mambo manne. Moja, ukimsalimu asiyeona, taja jina lako. Usimwambie "Nijue nani!", hiyo si salamu, ni mtihani wa taifa. Mbili, ukitaka kumvusha barabara, muulize kwanza, kisha mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, usimkokote kama mbuzi wa Idi. Tatu, ongea naye yeye, si aliyemsindikiza. Nne, wewe unayefanya kazi kwenye ofisi ya watu ishirini na zaidi, kesho muulize bosi wako asilimia 3 yake iko wapi. Akikuuliza inakuhusu nini, mwambie umetumwa na panya na mende.

Na jambo la mwisho kabisa. Jumamosi saa kumi jioni, kiwanja kile nyuma ya soko, tunataka timu ya hapa kijiweni. Kumi na mmoja. Vitambaa vya macho tutawaletea sisi, na mpira tumeshaupata wenye kengele. Refa tunaye.

Jiwe kwenu nyote!